Dresa Aliyeanguka kwa Niaba Yetu

Nimemwona Dresa akifa mara nyingi, na karibu kila alipoamka alinilalamikia mimi. Mara kaptula imembana. Mara kifungo kimemchoma tumboni alipolala. "Fundi," alikuwa akiniambia huku akijipangusa mchanga masikioni, "hii kitambaa yako inashika vumbi sana. Mtu atakufa na heshima namna gani?" Mimi ndiye niliyemshonea zile nguo za askari wa zamani, na mimi ndiye niliyezifua, kwa hiyo lawama zote za vifo vyake zilikuwa zangu.

Kifo cha kweli kilipokuja, mwaka huu, sikuwepo. Nilikuwa Kitale kutafuta kaki. Nilipigiwa simu nikiwa dukani, nikakaa juu ya mtumba wa vitambaa, na mwenye duka akaniletea maji bila kuuliza neno. Nililia palepale. Sioni haya kusema.

Jina lake halina kazi hapa. Lodwar nzima ilimwita Dresa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake hadi alipostaafu: yule mtu wa zahanati ambaye si daktari wala muuguzi, anayeosha vidonda na kufunga bandeji. Hata mke wake alimwita Dresa, hasa akiwa amemkasirikia. Na watu wa mbali walimjua kwa jambo moja tu, kwamba yeye ndiye mzee anayewakusanya watu wazima, wenye akili zao na watoto wao, wavae kaki, wabebe bunduki za mti, na kucheza vita vilivyokwisha zamani.

Nieleze mchezo wenyewe. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Mtaliano alikuwa ng'ambo ya mpaka, Uhabeshi, na jeshi la Mwingereza lilipita huku kwetu kwenda kumkabili. Askari wengi walikuwa Waafrika. Waliowabebea maji na mizigo, kama wazee wetu wanavyosimulia, walikuwa watu wa hapahapa, wanaume kwa wanawake. Dresa alikuwa ameyasikia haya kwa vikongwe aliowafunga vidonda miaka nenda miaka rudi. Mtu uliyemwosha kidonda hakunyimi hadithi. Alipostaafu akaanza kuwatembelea mmoja mmoja, akikaa nao kivulini na tumbaku yake shavuni, akiuliza walivaa nini, walikula nini, nani alitangulia na nani alifuata. Hakuandika chochote. Aliniambia kwamba mkono wake umezoea kuandika majina ya dawa tu, na kwamba jambo la kutembea lazima ulitembee ndipo ulijue. Kwa hiyo Jumamosi moja akachukua watu watano na fimbo tano, wakaenda kwenye mchanga wa lugga ya Kawalase, ule mto mkavu, wakatembea.

Watu walimcheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka, nikiwa kwenye cherehani yangu barabarani, nikiwaona wamepita kwa mistari kama wanafunzi wanaokwenda kuchapwa. Wiki ya tatu alikuja na kipande cha kaki kwapani, akataka kaptula sita. Wiki ya sita akaniambia nguo hazijui kutembea zenyewe, na kwamba wanawake walibeba maji, kwa hiyo mimi, mwanamke, nichukue debe. Sijui nilikubali vipi. Alikuwa na namna ya kuomba jambo akiwa tayari ameshageuka kwenda zake, kana kwamba jibu lako ni mali yake.

Mchezo ukakua. Tulifika thelathini, tukafika hamsini. Walimu wakajiunga, mafundi wa pikipiki, mama mmoja wa benki, katekista mstaafu. Kuna wanaokuja kwa sababu babu zao walikuwa askari, na wengine kwa sababu Jumamosi Lodwar ni ndefu. Vijana wakaanza kutupiga picha na kuziweka kwenye simu, tukasikia kwamba tunatazamwa hadi ng'ambo. Ndipo akatokea bwana mmoja kutoka Nairobi, tuliyempachika jina la Kamanda, mwenye chama cha watu wapendao mambo haya. Hao huenda Taita kucheza vita vya kwanza, na wana kofia za chuma na vifungo halisi vya zamani ndani ya viboksi vyenye pamba. Kamanda alikuwa mtu mwema, naye alitusaidia sana, lakini alikuja na mabuti.

Ugomvi wa mabuti ulichukua mwezi mzima. Kamanda alisema askari lazima avae buti, ana picha. Dresa alisema picha ilipigwa siku ya gwaride, si siku ya kutembea. Alivua akala zake, zile ndara za tairi, akazibwaga mezani mbele ya kamati nzima, tukiwa tunakunywa chai.

"Nyanya mmoja wa Kalokol aliniambia walikuwa watoto," alisema. "Walipata nyayo kwa mchanga asubuhi, wakakimbia kwa wazazi, wakasema gari nyingi sana zimepita hapa, zingine ndogo kama mguu ya mtu. Sasa wewe niambie, buti inaandika tairi?"

Kamanda alicheka mpaka akafuta miwani. Mwaka uliofuata watu wake wote walikuja na akala, tena walikuwa wakijivunia. Hivyo ndivyo Dresa alivyokuwa: kitu kidogo kilichothibitishwa na mdomo wa kikongwe hukukitoa mikononi mwake hata kwa msumeno. Alipima urefu wa kamba. Alinirudisha nyumbani kubadilisha uzi kwa sababu wangu uling'aa.

Lakini huyohuyo, mpenda vita, hakuweza kutazama mbuzi akichinjwa. Aligeuza uso na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Vijana wakipigana sokoni alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikataza katakata bunduki yoyote inayotoa mlio, hata fataki, na kijana aliyekuja na bastola ya kuchezea ilimbidi aiache kwa mke wa Dresa jikoni. "Huku kwetu mlio ni barua," alikuwa akisema. "Ukituma, mtu atajibu."

Na kweli, tulikaribia kujibiwa. Mara ya kwanza tulipotoka nje ya mji kwa mwendo mrefu, watu arobaini wenye kaki na bunduki za mti, wachungaji walituona kwa mbali. Wakadhani ni wavamizi, au jeshi la kuwanyang'anya silaha. Mbuzi wakafukuziwa milimani, na vijana wanane wakatushukia na bunduki ambazo hazikuwa za mti. Sote tuliganda. Dresa alitoka mbele, akaketi chini kwenye mchanga, akatoa tumbaku yake akaanza kuikata taratibu, akawasalimu, "Ejok?" Hawakujibu. Akasalimu tena. Mmoja akaitikia, "Ejok," kwa sababu salamu ikirudiwa mara mbili ni vigumu kuiacha ardhini. Akawagawia tumbaku. Akawaeleza, nao wakamtazama kama mtu aliyerukwa na akili, na mwisho mmoja wao akauliza kama kuna nafasi ya kujiunga. Tangu siku hiyo wanawake wenye madebe hutangulia mbele ya msafara, tukiimba, maana hakuna mvamizi anayekuja na wanawake wanaoimba. Dresa mwenyewe, akicheza mbebaji, alitembea hatua mbili mbele yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lililomsumbua tangu mwanzo hadi mwisho: kuanguka.

Kwetu mtu mzima hajilazi chini kama maiti kwa mzaha. Ukijilaza hivyo umekionyesha kifo mahali pa kukaa. Mama yako hatakuruhusu, mkeo atakufungia mlango, na wazee watataka mbuzi achinjwe, upakwe majani ya tumboni mwake, ndipo uingie kwako. Kwa hiyo mwanzoni tulikuwa jeshi la ajabu. Tulishambulia, tukashambuliwa, na jioni sote tulirudi nyumbani wazima. Mama mmoja muuza samaki alitutazama siku hiyo, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya soko, "Hii vita yenu ni tamu. Mtu anapigwa, anaendelea kutembea tu. Hata mimi nataka hiyo."

Dresa aliona aibu. Jumamosi iliyofuata, tulipofika mahali pa shambulio, akaanguka mwenyewe, na nyumbani mke wake akamsubiri na mbuzi. Tangu hapo akawa ndiye maiti wetu. Aliwaomba wengine, mwaka baada ya mwaka, na wote walikataa. Basi akafa kwa niaba ya wote: kama askari wa mbele, kisha akatambaa nyuma ya mikoma, akabadilisha kofia, akatokea kama mbebaji wa maji na kufa tena, halafu mpishi, halafu Mtaliano. Vijana walitaka Mtaliano afe kwa kuchekesha. Alikataa, akafa kama Mtaliano kwa heshima ileile. Watazamaji wasiomjua walicheka wakimwona mzee huyohuyo akifa mara ya nne, naye alikuwa akifungua jicho moja na kuwakazia.

Na alijua kuanguka. Miaka yote ya zahanati alipokea watu waliopigwa risasi kwenye wizi wa mifugo, Kapedo, Kainuk, kila upande. "Mtu wa sinema anarusha mikono juu," alitufundisha. "Mtu wa kweli anakaa kwanza. Unadhani amechoka. Halafu anaangalia kama kuna mtu amemwona." Alipofanya hivyo, uwanja ulinyamaza.

Mimi sikuombwa mara mbili. Aliniomba mara moja, mwaka wa kwanza, nikamwambia mama yangu ana mtoto mmoja aliyekwisha kulala barabarani, hatalaza wa pili hata kwa mchezo. Ndugu yangu alikuwa turniboi wa lori, msaidizi wa dereva. Lori lake lilipigwa risasi mbele ya Kainuk, kwenye njia ya Kitale, miaka michache kabla ya mambo haya yote. Dresa alikuwa ndani ya lori hilo akienda kuchukua dawa, na ndiye aliyeturudishia maiti, ameshaiosha, ameifunga vizuri. Hakutueleza lolote zaidi ya kwamba hakuteseka sana. Sikumwuliza. Mama naye hakuuliza. Kuna maswali ambayo nyumba nzima inayazunguka kama shimo uani, na kila mtu anajua lilipo.

Kisha ikaja Kakuma. Vijana wa kambi ya wakimbizi walitualika kwenye sherehe yao, uwanjani, na Dresa alifurahi kama aliyealikwa ikulu. Watu walikuwa wengi: Waturkana, Wasudani wa Kusini, Wasomali, Wakongomani, kila mmoja akitutafsiria kwa mwenzake. Walipiga makofi. Dresa akafa kama askari, makofi. Akafa kama mbebaji, makofi. Ndipo mama mmoja Msudani, aliyekuwa akiuza chai kando ya uwanja, akaacha birika zake, akaingia katikati yetu akitembea bila haraka. Akafungua shuka aliyojifunga begani, akamfunika Dresa kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akakaa chini kando yake.

Nilikuwa hatua mbili tu, nikasikia kila neno. Dresa alinong'ona chini ya shuka, "Mama, hii ni mchezo. Tupishe kidogo."

"Mchezo?" mama akasema. "Basi amka. Kama ni mchezo, amka."

Dresa hakuamka. Sijui kwa nini.

"Maiti ya kwangu ilibaki kwa njia," mama akaendelea, na hakuwa akilia. "Hakuna mtu alifunika. Sisi tulipita, tukakimbia na watoto. Wewe unalala hapa, watu wanapiga makofi." Akasimama, akarudi kwenye chai yake, na shuka akaiacha palepale.

Njiani kurudi Lodwar Dresa hakusema neno, na kwa mtu aliyeweza kuongea kuhusu vifungo kutoka Kakuma hadi nyumbani, hilo lilitutisha. Wiki iliyofuata akapanda gari peke yake kurudisha shuka. Mama wa chai akampa kikombe, akaipokea shuka, hakumwambia kitu. Akarudi tena. Mara ya tatu ndipo mama akaongea. Alimwambia hana ugomvi na kuanguka. Watu lazima waone. Ugomvi wake ni msafara uliopita. "Maiti iko chini, na nyinyi mnaimba mnaenda," alimwambia. "Ndiyo hiyo unafundisha watoto? Kupita? Khalas, sisi tunajua kupita."

Dresa akaja moja kwa moja kutoka kwenye gari hadi kwenye cherehani yangu, akataka shuka nne. Tangu mwaka ule, kila Dresa alipoanguka msafara ulisimama. Alibebwa kivulini, akafunikwa, na mtu mmoja alikaa kando ya shuka hadi mwisho, hata Dresa alipokwisha kutambaa kwenda kufa kifo kingine. Kamanda wa Nairobi alipinga, na nadhani alikuwa na haki yake. Alisema hakuna jeshi lililokwenda hivyo, kwamba tunaharibu historia. Hapo nikaona maajabu: yule mzee aliyegombania akala mwezi mzima, aliyenirudisha nyumbani kwa sababu ya uzi, akajibu, "Najua hawakusimama. Ndiyo maana sisi tunasimama." Na kila tulipokwenda Kakuma, mama wa chai ndiye aliyemfunika mbebaji wa maji. Hakuvaa kaki. Alitoka kwenye birika zake, akafunika, akakaa.

Mwaka wa kumi na moja Dresa alianguka kweli, uani kwake, kando ya tangi la maji, akavunjika nyonga. Mtu aliyeanguka mamia ya mara bila mchubuko akatelezea kwenye tope la kiganja kimoja. Alilazwa, akarudishwa, akaambiwa hatatembea tena kama zamani. Nasi tulikuwa na siku tisa kabla ya kwenda Kakuma.

Kamati ilikutana bila yeye. Nilikuwepo, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu. Mwenyekiti aliuliza nani ataanguka. Watu walitazama meza. Fundi mmoja wa pikipiki akasema, "Mimi nitafanya yote, lakini hiyo, wacha. Mama yangu atajinyonga." Mwingine akasema tuondoe maiti kabisa, tuweke ngoma. Mwishowe kijana mmoja akapata wazo: kuna duka la nguo lenye sanamu ya plastiki, ya mwanaume mzima, mikono inatoka. "Si ni kuact tu," alisema. "Tunamvalisha kaki, tunambeba, tunamlaza. Nani atajua?" Watu walicheka kwa nafuu. Mikono ikainuliwa. Wangu pia uliinuka. Nikaagizwa nimpime sanamu kaptula.

Nilimpima. Kaptula ilimkaa vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa mtu yeyote. Nilipomaliza niliona vibaya moyoni, nikaenda Nakwamekwi, mtaani kwake, kumwambia Dresa mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine.

Ilikuwa asubuhi. Walikuwa wamemtolea kitanda nje, chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, na kichwa chake kilikuwa juu ya ekicholong, kile kigoda chake cha mti alichokilalia kwa sababu mito, alisema, ni ya wagonjwa. Mke wake alikuwa akipepeta mahindi. Nikamsalimu, akaitikia, nikamweleza habari yote bila kupamba.

Akauliza, "Mutapeleka sanamu kwa yule mama?"

Nilitazama ungo wa mke wake.

"Atoe shuka yake begani, afunike plastiki? Akae chini na plastiki?" Sauti yake haikupanda. "Sanamu haina mama, Fundi. Haina mtu wa kuambiwa. Afadhali mukae Lodwar. Chomeni nguo zote, mimi nitawapa kiberiti."

"Hakuna mtu anakubali," nikasema. "Na mimi unajua siwezi. Mama yangu..."

"Najua. Hata sikuwa nataka kukuomba." Akageuza uso upande wa tangi. "Lakini kuna kitu nimekaa nayo, na sasa nimevunjika. Ile ya mbebaji, si ya vita. Hakuna nyanya alinipatia ile. Ile ni ya ndugu yako."

Nilisikia maneno, sikuyaelewa. Akaendelea.

"Radieta ilichemka, mbele ya Kainuk. Dereva alisimama. Ndugu yako alishuka na mtungi ya maji, ya lita ishirini. Alikuwa amefungua, anataka kumwaga, ndiyo risasi ilitoka kwa miti. Wewe umeona kila mwaka, nikipigwa naweka debe chini kwanza, polepole. Kamanda ananigombeza, anasema mtu aliyepigwa hawezi kujali maji. Mimi niliona. Aliweka mtungi chini, akaishikilia mpaka ikasimama sawa. Haikumwagika. Halafu akakaa."

Nilikuwa nimeiona kweli, miaka kumi na moja, nikiwa nyuma yake, nikidhani ni ubahili wa mzee asiyetaka debe lake libonyee. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonea mtu. Nilimwambia amenitembeza nyuma ya maiti ya ndugu yangu mwaka baada ya mwaka, nikiimba, bila kuniambia. Nilimwambia hakuwa na haki. Mke wake aliacha kupepeta.

"Ningekuambia, ungekuja?" akauliza.

"Nisingekuja."

"Basi. Na mimi nilitaka mtu wake awe karibu. Ilikuwa makosa, labda. Nisamehe."

Nilisimama niondoke. Nilifika mlangoni mwa ua, nikaona mtungi wa njano kando ya tangi, wa lita ishirini, nikauchukua. Sikuwa nimepanga. Nilirudi nikasimama mbele ya kitanda chake, nikamwambia, "Nionyeshe. Mkono gani?"

"Mama, usilale hapa kwangu," mke wake akasema, akainuka kabisa. "Dresa, mkataze huyu." Dresa alikuwa akiutazama mtungi. Mke wake akaingia ndani, akafunga mlango, asione.

"Kulia," Dresa akasema. "Kushoto ilishika mfuniko. Sasa weka. Hapana, usiangushe. Pole. Shikilia. Iache ikishasimama. Usiniangalie mimi, mimi nilikuwa nyuma ya gurudumu. Angalia gari, ilikuwa na watu."

Niliuweka mtungi. Nikakaa. Mchanga ulikuwa na joto. Nikalala ubavu, kama nilivyomwona yeye akilala, na hofu niliyoitarajia haikuja. Nilimfikiria ndugu yangu kwa utulivu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

"Alisema kitu?" nikauliza nikiwa palepale chini.

"Alisema. Aliniita. 'Dresa, jaza wewe, gari isikae hapa.' Hiyo tu." Alivuta pumzi. "Nikatambaa, nikajaza. Dereva akawasha. Tulimpandisha, tukatoka. Kwa ile gari tulikuwa kumi na wawili, na wanawake wawili walikuwa na watoto wa mgongoni. Ile maji ndiyo ilitutoa, Fundi. Kama angeangusha mtungi, tungelala wote pale. Ndiyo maana lazima mtu aanguke. Siyo kwa ajili ya Mtaliano."

Nililala kidogo zaidi. Kisha niliamka, nikajikung'uta, nikamshika Dresa mkono. Nikamwambia Jumamosi ni mimi. Hakunishukuru. Aliniambia nipunguze kamba ya debe, na kwamba mke wake atanichinjia mbuzi nikirudi, hata kama sasa amejifungia.

Kamati niliiacha kwanza. Nilikwenda kwa mama yangu. Nilimkuta akisuka kikapu, nikakaa mbele yake, nikamwambia maneno ya mwanawe kama nilivyoyapokea, yote, tangu radieta hadi watoto wa mgongoni. Halafu nikamwambia kwamba nitakwenda Kakuma na kwamba nitaanguka. Alishika ukindu mkononi bila kuusuka.

"Mtungi ulikuwa wa lita ngapi?" akauliza.

"Ishirini."

"Na nyinyi kwa mchezo mnabeba tupu."

Nikamwambia ndiyo, huwa tunabeba tupu, maana njia ni ndefu.

"Wewe," mama akasema, akarudi kwenye kikapu chake, "utabeba uliojaa."